Nilimpa Mtani Akiba ya Mama

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, msije mkanionea huruma mapema. Jina langu sitalitaja, wala la mama yangu, maana yungali hai na hapa Utange habari husafiri upesi kuliko sisi wenyewe. Nimeandika kwa mkono wangu, na mkono wangu uliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimepinda njia nivumilieni, nitarudi.

Na kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, niacheni niwaeleze habari ya jino.

Nilikuwa kijana, nimeshuka kutoka Kaloleni kuja Changamwe kutafuta kibarua. Tulikuwa tukilala watu sita chumba kimoja. Jino likanishika! Gego la chini, upande wa kushoto. Nilibeba magunia siku tatu shavu limefura kama nimeficha ndimu mdomoni. Wenzangu wakaniambia kuna mahali pawili. Pa kwanza zahanati, kuna bwana mmoja mkavu, hacheki, akikutazama mdomoni anaguna tu. Pa pili kwa kinyozi karibu na reli, mtu wa vichekesho, ana koleo lake, na bei yake nafuu.

Nikaenda zahanati kwanza. Yule bwana akanitazama, akaguna. "Hili leo halitoki. Lina usaha. Meza dawa, rudi Jumatatu."

Jumatatu! Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi! Nikatoka nimefura shavu na nimefura moyo. Nikanyoosha kwa kinyozi.

"Karibu mheshimiwa!" akanipokea. "Leo nitakung'oa mpaka dhambi za babu yako!"

Nikacheka, na maumivu yangu yote yale, nikacheka. Nikakaa kitini. Akaling'oa jino, zuri, zima, lenye mizizi yake yote miwili. Lilikuwa la jirani. Lile bovu akaliacha pale pale.

Hata leo nikiwa na mawazo ulimi wangu huenda kwenye lile pengo ukapapasa. Sasa hivi ninavyoandika umekwenda. Ndivyo nilivyoumbwa mimi. Mtu akinichekesha, basi, nimekwisha kumwamini. Mtu akininunia na kuniambia ngoja, namwona adui. Laiti ningelijirekebisha kwa jino! Jino ni langu, hasara ni yangu. Lakini hili la pili halikuwa jino, na halikuwa langu.

Mama yangu aliuza mahamri na mbaazi Changamwe miaka mingi, mbele ya lango la kiwanda. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wakimjua kwa jina, na wale wa bara walijifunza kula mbaazi za nazi kwake. Karai lake lilikuwa limeungua mpaka halisuguliki. Mikono yake ina alama za mafuta, vidoa vidoa, kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko. Kila siku alitenga kitu kidogo, na kila mwezi alikwenda benki na kitabu chake ndani ya kitambaa.

Mnajua alikuwa akiweka akiba ya nini? Minazi.

Baba yangu alikuwa na minazi kumi na minane kule kwetu. Kwetu mnazi waweza kuwekwa rehani. Unachukua pesa kwa jirani, naye anaangua nazi zako mpaka siku utakapomrudishia. Baba aliiweka minazi yote rehani, pamoja na kipande cha ardhi ilimosimama. Na kwa nini aliiweka? Kwa mahari. Mahari ya nani? Yangu mimi! Nilitaka kuoa, niliona kungoja ni taabu, nikamsumbua mzee mpaka akaenda kwa jirani kofia mkononi. Akafa hajaikomboa.

Siku ya kumzika baba, mama alisema mbele ya kaburi lake, nilimsikia kwa masikio yangu, "Lala, mume wangu. Nitaikomboa."

Basi mbaazi zile, mahamri yale, miaka yote ile, ilikuwa ni minazi. Jirani naye alikufa, minazi ikashikwa na mwanawe, Karisa, mtu mstaarabu sana. Karisa alimwambia mama, "Hawe, sina haraka. Ukipata niletee, minazi ni yenu." Hawe kwetu ni bibi. Kijana wa heshima.

Na pesa zikafika! Hapo ndipo uchungu wangu unapoanza, ndugu zangu. Zilifika! Mama aliacha kuuza, miguu ilikuwa imemchoka, akahamia kwangu Utange. Siku moja akafungua kitambaa chake, akanipa kile kitabu nimsomee. Nikasoma mara mbili. Zilikuwa zinatosha minazi yote, na kibakuli kidogo cha kubaki.

Akapiga kigelegele peke yake mle chumbani. Mwanamke wa umri ule!

Mimi nikafanya nini? Nikatazama juu. Nikaona makuti ya paa langu yalivyochoka, nyota zaonekana. Nikasema, "Mayo, tusiwe na pupa." Mimi huyo! Mimi niliyeshindwa kungoja Jumatatu, nikamwambia mama tusiwe na pupa. "Pesa hizi zikizaa kwanza, utakomboa minazi na tutaezeka mabati. Tutafute mtaalamu wa mambo ya pesa atushauri."

Mama akanitazama. "Mimi sitaki mabati. Nataka minazi."

"Utapata vyote."

Akanyamaza. Mama yangu akikunyamazia hajakubali, amekuachia tu. Nilijua hivyo, nikajitia sijui.

Mtaalamu wa kwanza alitoka Kiembeni. Mweka hazina wa kanisa letu alinielekeza kwake, akasema ni mwanamke mwaminifu, anawashauri walimu waliostaafu. Mkamba, jina lake Mwende. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, viatu vimejaa mchanga. Tukamwekea soda, akasema asante, ananywa maji tu. Nikaona dharau. Akafungua daftari. Hakutania, hakuuliza ukoo, hakuuliza tumeamkaje zaidi ya mara moja. Watu wa bara, nikajisemea.

Hakuniuliza mimi kitu. Akamgeukia mama. "Mama, hizi pesa ni za kazi gani?"

"Za kukomboa minazi ya mume wangu."

"Zinatosha?"

"Zatosha."

"Mwenye minazi yuko tayari kuirudisha?"

"Yuko tayari hata kesho."

Yule mwanamke akafunga daftari lake. "Basi nenda kesho ukakomboe. Mimi hapa sina kazi."

Nikashtuka. "Madamu! Tumekuita utushauri pesa zizae!"

"Ndiyo nimewashauri, mzee. Mama ana jambo lake moja na pesa za jambo hilo anazo. Kuziingiza mahali ambapo zinaweza kupotea ni makosa. Akishakomboa, kile kidogo kitakachobaki akiweke pale pale benki." Akasimama, akajipangusa mchanga. "Na akitokea mtu mwingine, mwulizeni cheti chake cha kufanya kazi hii. Serikali ina orodha yao, nitawaonyesha jinsi ya kuitazama. Asipokuwamo, mfungieni mlango."

Alitaka nauli tu. Nauli tu! Nikampa kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe. Alipoondoka nikamwambia mama, "Mtaalamu gani anakataa pesa? Huyo hajui kazi."

Mama akasema, "Mimi nimempenda."

Sikumsikia. Ile zahanati, mnaiona? Ile ile! Mtu mkavu ameniambia ukweli, nami nimefura.

Haikupita muda tukapata msiba, mdogo wake baba, tukapanda Kaloleni kuzika. Hapa itabidi niwaeleze wasiojua. Sisi kwetu tuna watani. Ukoo huu na ukoo ule ni watani tangu enzi, na kwenye matanga mtani ndiye mwenye nyumba. Ndiye anayechimba kaburi. Anamtukana mfiwa, anachukua kuku bila kuomba, anaiga jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Kazi yake ni kukuondolea kile kitu kizito kifuani. Wewe nawe siku yake ikifika utakwenda kumfanyia vivyo hivyo. Kwa hiyo mtani si mtu wa kupita njia. Mtani ndiye atakayekuzika!

Siku hiyo kaburi lilipokuwa tayari, kijana mmoja mnene wa shati jeupe akaruka ndani akalala chali. Akafumba macho. "Sitoki! Marehemu alikuwa na kuku wangu! Leteni kuku la sivyo mnatuzika wawili!"

Watu wakavunjika mbavu, machozi yangali yanawatoka. Kisha akainuka, akachungulia ukingoni, akamwona mama yangu kwenye mkeka, akamwita kutoka humo humo shimoni, "Hawe! Wewe nawe wangoja nini? Njoo, hapa pana nafasi ya kizee mmoja mwembamba!"

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba afe.

Huyo ndiye Charo. Akapewa kuku wake, akatoka, akafukia kaburi kwa mikono yake mpaka shati jeupe likawa jekundu. Akalala pale siku zote za matanga, chini, kwenye mchanga. Alichanja kuni, alichota maji. Siku ya mwisho akaniuliza ninakaa wapi, nikamwambia Utange. Akaniuliza mama anaishi kwa nini sasa ameacha biashara. Nami nikamweleza! Nilimimina kila kitu, minazi, kitabu, yule mwanamke wa Kiembeni.

Charo akapiga makofi. "Ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi yangu mjini! Mimi nashauri watu mambo ya uwekezaji. Nina ofisi. Mungu ametukutanisha kaburini!"

Akaja Utange na mkoba, na kilo mbili za sukari. Habari yake ilikuwa ni makontena. Alisema kule Kipevu kuna makontena ambayo wenyewe wameshindwa kuyatoa, yanapigwa mnada, wanaonunua ni watu wachache wanaojuana, naye ni mmoja wao. Unaweka pesa, kontena linanunuliwa, linauzwa, pesa inarudi na mwenzake. Sasa mimi nimefanya kazi ya ukuli bandarini. Nimefungua makontena kwa mikono hii, nimeona friji, nimeona matairi, nimeona marobota ya nguo yamejaa mpaka mlangoni. Nikamwambia mama, "Hilo analosema nalijua." Kumbe nilichojua ni uzito wake tu!

Cheti sikumwuliza. Ningemwulizaje mtani cheti? Ningeonekana mtu wa bara.

Mama ndiye aliyemwuliza kitu. "Pesa zangu utazifanyia nini hasa?"

"Nitazila, hawe!" Charo akasema. "Nitazila zote, nikuache na hilo pengo lako la mbele, ukafie njaa Utange!"

Tukacheka! Nilijipiga paja. Nilicheka mpaka nikakohoa, jamani, mpaka akanipa maji! Alituambia, ndugu zangu. Alituambia mchana kweupe, akiwa amekaa kwenye kiti changu, akinywa chai yangu. Sisi tukacheka, maana mtani ndivyo anavyosema.

Mama ndiye aliyeacha kucheka mapema. "Utani umekwisha? Haya, sasa niambie bila utani."

Charo akashuka kitini, akapiga goti mbele yake. "Hawe, mtani wako nikuibie? Nikikuibia, mimi siku yangu nitazikwa na nani?"

Hilo likanimaliza mimi. Kwa mtu wa kwetu hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho.

Tulikwenda benki sote watatu. Yule msichana wa dirishani alimwinamia mama, akamwuliza polepole, "Bibi, unabakisha kidogo hiki tu? Ni wewe unayetaka?"

Mama akanigeukia. Nikatikisa kichwa ndiyo.

Akaweka kidole chake cheusi kwenye karatasi, na alipokuwa akikibonyeza akaniambia kwa lugha yetu, si kwa sauti kubwa, "Namwekea kidole huyu, lakini namwekea kwa sababu yako."

Maneno hayo ninayalalia.

Mwezi wa kwanza Charo akaleta faida. Mwezi wa pili akaleta. Alizihesabu mezani kwa vituko, anamwambia mama, "Chukua, mchawi wewe." Mama akasema tuziweke. Mimi nikanunua viatu. Ndiyo, viatu, vya ngozi, vyenye kamba! Nikaanza kuuliza bei ya mabati. Kile kidogo kilichokuwa kimebaki benki, cha kuagua maradhi na cha mazishi yake, nacho nikamshawishi tukiongeze.

Mwezi wa tatu simu ikalia bila kupokelewa. Wa nne haikulia kabisa.

Nikaenda kwenye hiyo ofisi. Nikakuta mwanamke anauza mitumba, amening'iniza magauni ya watoto mlangoni. "Mzee, mimi nimekodi hapa juzi," akasema. "Wewe ni wa saba kuuliza." Nikakaa kwenye ngazi. Viatu vilikuwa vinanibana.

Kituoni afisa mmoja kijana akataka karatasi. Nikampa. Ilikuwa na jina Charo na namba ya simu, basi. Akanihoji nilimjulia wapi. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, nielewe vizuri. Ulimpa pesa zote za mama kwa sababu alilala ndani ya kaburi?"

"Na akafukia," nikasema.

Wenzake wakacheka kule nyuma. Yeye hakucheka, aliandika. Mpaka leo ninapita kuuliza, naambiwa wanafuatilia. Kwetu nako nikauliza wazee wa ukoo ule wa watani, Charo ni mtoto wa nani? Wakatazamana. Kila mmoja alidhani ni wa nyumba ya mwenzake. Alikuwa amechimba makaburi Kaloleni nzima, na hapana aliyewahi kumwuliza baba yake ni nani. Nani atamwuliza mtu aliyeshika jembe matangani?

Sasa sikilizeni ubaya wangu, maana kuibiwa peke yake si dhambi. Sikumwambia mama. Miezi saba! Akiniuliza, "Charo hajaja?" nasema, "Amesafiri." Akisema, "Basi tuchukue zangu tukakomboe," nasema, "Mnada uko karibu, subiri." Karisa alinipigia simu mara mbili. "Ami, kuna mtu anataka kile kipande, anataka kujenga ghala. Mimi namngoja hawe. Niambie ukweli, anakuja?" Nikamwambia anakuja! Mara ya pili pia nikamwambia anakuja. Kama ningesema ukweli, pengine angetuonea huruma, pengine angetupa muda, yule ni mtu mstaarabu. Nilimnyima hata nafasi ya kutuhurumia.

Mwishowe akaja mwenyewe Utange. "Shikamoo hawe."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ile minazi? Pesa zi karibu."

Karisa akanitazama. Akatazama chini. "Hawe, nimeuza. Nimengoja mwaka na zaidi. Minazi wameikata wiki hii. Nimeona ni adabu nikwambie kwa mdomo wangu."

Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Yote?"

"Yote, hawe."

Karisa alipoondoka nikapiga magoti, nikatapika kila kitu, Charo, simu, ofisi, uongo wa miezi saba. Nilitaka anipige. Nilitaka anilaani nimalize. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ondoka hapo chini, utaumiza magoti." Akaingia ndani.

Asubuhi yake niliamshwa na harufu. Nikatoka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, karai lake juu ya mafiga, anakanda unga. Mama yangu! Macho yamepatwa na ukungu, anaupima moto wa mafuta kwa kuweka kiganja juu yake. Nikasema, "Mayo, acha, nitafanya mimi." Akasema, "Wewe hujui kungoja yaumuke."

Tangu siku hiyo anauza mahamri pale mlangoni. Watoto wa shule wanamwita nyanya. Mimi namsukia moto na kuchota maji, na kila nikiona anaungua kidole nageuza uso. Vile viatu niliviuza.

Nyinyi mnaosoma, mwenye mzazi na mzazi ana akiba yake, nawaomba kwa unyonge wangu. Kabla hujatafuta mshauri, mwulize mzazi wako pesa ni za nini, na akikujibu, funga mdomo wako! Mshauri akikwambia huna haja naye, mpe nauli kwa mkono wa kulia, umshukuru. Na ajaye na vicheko, awe wa ukoo, awe wa kanisa, awe amekuzikia baba, mwulize cheti. Akichukia, achukie! Mwulize tena. Mkishaibiwa nako, semeni siku hiyo hiyo. Siku ile ile! Uwongo wangu ndio uliokata minazi, Charo alichukua pesa tu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nimesema nitakiri, na limebaki moja.

Mwaka huu tulipata msiba mwingine, Mazeras, kwa binamu yake mama. Tulipofika jeneza lilikuwa bado ndani na watu wamezunguka kaburi wanacheka. Nikasikia sauti.

"Sitoki! Leteni kuku! Na mkimleta aliyekonda, nawala nyinyi!"

Nikamwacha mama kwenye mkeka. Nikasogea. Alikuwa ndani, chali, macho ameyafumba, shati jeupe jipya. Wale wafiwa walikuwa wamelipwa fidia ya shamba lao lililopitiwa na barabara, nilijua, kila mtu alijua. Kando yangu palikuwa na koleo la kufukia, nikalishika bila kujua nalishikia nini.

Mama naye alikuwa ameisikia ile sauti. Aliomba kuinuliwa kwenye mkeka. Akaja polepole, akifuata sauti, mpaka ukingoni. Watu wakanyamaza kwa hamu. Walijua kizee anakuja kujibu utani.

"Mtani," mama akasema.

"Labeka, hawe!" Macho yake bado amefumba.

"Kuku hakuna. Nilikuwa na minazi kumi na minane, umeila. Wewe lala hapo hapo." Akanyoosha mkono hewani kunitafuta, akanigusa bega. "Mwanangu, fukia."

Lo! Watu waliangua kicheko! Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akasema, "Leo mtani amepatikana!"

Charo akafumbua macho. Akamwona mama, akaniona mimi. Yeye peke yake hakucheka, na mimi, na mama.

Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema tu, "Huu si utani, jamani. Mtu huyu ni mwizi, msimpe pesa, mshikeni tumpeleke kituoni." Watu mia walikuwa pale. Mama alikuwa amenifungulia mlango, amenishika bega, anangoja. Lakini kulisema lile ilikuwa ni kuwaambia ukoo mzima aliyempa ni nani. Nikachota mchanga kwa koleo. Nikaumwaga miguuni pangu mwenyewe. Sikusema kitu.

Charo akashika ukingo, akapanda, akajipangusa mgongo. Mkono wa mama ukatoka begani kwangu. Hakukimbia yule mtu. Alitembea tu, akapita wanawake waliokuwa wakipika, akapita viti, akashika njia ya kwenda barabarani, koti lake ameliacha limening'inia kwenye mkorosho. Wenyeji wakasema mtani kaudhika, kaenda kumtafuta kuku mwenyewe. Walimngoja mpaka saa ya kuzika ikapita.

Hakurudi.